Upasuaji wa Saratani ya Ini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi saratani inayoanzia kwenye chembe za ini zenyewe, ambayo ndiyo inayoonekana kwa wingi katika hospitali za Afrika Mashariki. Pale jibu linapohusu aina nyingine, imeelezwa hivyo. Uamuzi wa kumpasua mgonjwa fulani hubaki kwa madaktari waliompima na kuziona picha zake.

## Mambo ya msingi

Kwa nini madaktari huuliza saratani imeanzia wapi, wakati tayari inaonekana kwenye ini?

Uvimbe wa saratani ulioko kwenye ini unaweza kuwa umeanzia humo humo, au umeletwa na damu kutoka kiungo kingine kama utumbo mpana, titi au kongosho. Kati ya saratani zinazoanzia ndani ya ini, asilimia 75 hadi 85 hutokana na chembe za ini zenyewe, na nyingi kati ya zilizobaki hutokana na mirija ya nyongo. Saratani iliyosambaa kutoka kwingine hutibiwa kwa kufuata kule ilikotoka, hivyo mgonjwa wa saratani ya titi iliyofika kwenye ini kwa kawaida hutibiwa kwa dawa wala si kwa kisu. Kuhusu ile iliyotoka utumbo mpana, ambayo ina utaratibu wake, tazama sehemu ya hali zisizo za kawaida.

Kwa nini ugonjwa huu huwapata vijana wengi kwetu?

Sababu kuu ni virusi vya homa ya ini B, ambavyo wengi huvipata wakati wa kuzaliwa au utotoni na kuishi navyo miaka mingi bila dalili yoyote. Sababu ya pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Watu wengi huikumbuka sumukuvu kwa mkasa wa mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ambapo watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, lakini saratani huletwa zaidi na kiasi kidogo kinacholiwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuhisi chochote. Mtu mwenye virusi vya B ambaye pia anakula sumukuvu ana hatari kubwa zaidi kuliko mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili. Pombe, homa ya ini C, kisukari na mafuta yaliyojaa kwenye ini huongeza idadi ya wagonjwa, hasa wenye umri mkubwa.

Jambo hili lina maana kwa upasuaji. Virusi vya B vinaweza kuleta saratani kwenye ini ambalo bado halijajaa makovu. Kijana wa aina hiyo anaweza kustahimili kukatwa sehemu kubwa ya ini, jambo ambalo mzee mwenye makovu ya ini hawezi. Kinachosikitisha ni kwamba vijana hao hao hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, kwa sababu ini lenye nguvu huficha dalili kwa muda mrefu.

Je, upasuaji unaweza kuponya saratani ya ini?

Ndiyo, kwa baadhi ya wagonjwa. Njia zenye lengo la kuponya ni tatu: kukata sehemu ya ini yenye uvimbe, kuondoa ini lote na kupandikiza jingine, na kuunguza uvimbe mdogo kwa sindano inayotoa joto. Miongoni mwa waliochaguliwa vizuri na kukatwa uvimbe, zaidi ya nusu huwa hai baada ya miaka 5. Hata hivyo, wagonjwa wengi katika ukanda wetu hawafiki katika hatua hiyo ya kuchaguliwa, kwa kuwa hugunduliwa wakati saratani imeshaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, imetoka nje ya ini, au ini lenyewe limechoka.

Inakuwaje mtu mwenye uvimbe mkubwa apasuliwe na mwenye uvimbe mdogo akataliwe?

Hili ndilo swali linalowaudhi ndugu wengi, na jibu lake ndilo linaloongoza karibu kila uamuzi unaoelezwa hapa: daktari wa upasuaji hatazami tu kile anachokwenda kukitoa, bali hutazama zaidi kile atakachokiacha. Figo ikishindwa, mashine inaweza kusafisha damu kwa miaka, lakini hakuna mashine inayoweza kufanya kazi zote za ini kwa muda mrefu. Ini litakalobaki lazima litosheleze mwili tangu siku ya kwanza.

Kwa mtu mwenye ini lenye afya, inatosha kubaki na asilimia 20 hadi 25 ya ini lake. Aliyepata tibakemikali kwa muda mrefu anahitaji kama asilimia 30, na mwenye makovu anahitaji angalau asilimia 40. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 12 ulio upande mmoja wa ini lisilo na makovu unaweza kukatwa, ilhali uvimbe wa sentimita 4 uliokaa katikati ya ini lililosinyaa huenda usiguswe kabisa.

Ili kupima nguvu ya ini, madaktari hutumia vigezo vitano: kiwango cha bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huitoa kwenye damu), kiwango cha albumini (protini inayotengenezwa na ini), kasi ya damu kuganda, uwepo wa maji tumboni, na dalili za ubongo kuathirika kama kuchanganyikiwa au kusinzia mchana. Majumuisho yake humweka mgonjwa katika daraja A, B au C, A ikiwa ya ini lenye nguvu zaidi na C ya ini lililochoka. Wanaokatwa ini karibu wote hutoka daraja A. Aliye katika daraja C hakatwi, na kama yupo anayeweza kusaidiwa kwa upasuaji katika kundi hilo, ni yule anayefaa kupandikizwa.

Ni kweli kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa?

Hapana. Imani hii imeenea kwa sababu watu wamewaona wagonjwa waliofunguliwa tumbo, wakafungwa bila kutolewa kitu, kisha wakafariki baada ya wiki chache. Wagonjwa hao walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa kabla ya kufunguliwa, na mara nyingi walifunguliwa kwa kuwa vipimo vya picha havikukamilika. Siku hizi picha nzuri hupunguza sana upasuaji wa namna hiyo.

Imani hiyo ina chembe moja ya ukweli, nayo inahusu sindano ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Katika wagonjwa wachache, chembe za saratani huachwa kwenye njia ilimopita sindano. Ndiyo maana mtu anayetarajiwa kupasuliwa hachomwi sindano hiyo kwa haraka.

Basi wanajuaje kuwa ni saratani bila kukata kinyama?

Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kutoka mshipa mkubwa unaotoka kwenye matumbo, na robo kutoka kwenye ateri. Saratani ya ini, kinyume chake, hulishwa karibu yote na ateri. CT-skani inayopigwa kwa awamu, baada ya dawa ya rangi kuingizwa mshipani, huuonyesha uvimbe ukiwaka mapema na kufifia wakati ini lililobaki linawaka. Kwa mtu mwenye makovu ya ini au homa ya ini B ya muda mrefu, sura hiyo inatosha kuthibitisha ugonjwa. Kwa asiye na hali hizo, au picha ikiwa na utata, kinyama huchukuliwa.

## Kabla ya upasuaji

Mgonjwa hufanyiwa vipimo gani?

Hupimwa damu kuona nguvu ya ini, figo na wingi wa chembe za kugandisha damu, virusi vya homa ya ini B na C, VVU, na protini iitwayo AFP ambayo hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani hii ingawa si kwa wote. Hupigwa CT-skani ya awamu au MRI ya tumbo, na picha ya kifua kwa kuwa mapafu ni mojawapo ya sehemu zinazofikiwa mapema na saratani hii. Moyo huchunguzwa. Mwenye makovu huangaliwa pia umio kwa kamera, ili kuona kama kuna mishipa iliyovimba inayoweza kupasuka.

Ultrasaundi pekee haitoshi kupanga upasuaji. Ni kipimo kizuri cha kugundua, na mwenye makovu ya ini anapaswa kukipata kila baada ya miezi 6, lakini hakionyeshi kwa uhakika uhusiano wa uvimbe na mishipa.

Sehemu itakayobaki ikiwa ndogo mno, kuna njia ya kuikuza?

Ipo. Tawi la mshipa unaoleta damu kutoka matumbo kwenda upande wenye saratani huzibwa kwa makusudi, na damu yote ya mshipa huo huelekea upande usio na saratani. Upande huo huanza kukua, na baada ya wiki 3 hadi 6 hupimwa upya. Usipokua, hilo lenyewe ni onyo kwamba ini halina uwezo wa kujijenga, na ni afadhali kulijua kabla ya upasuaji kuliko baada yake. Kazi hii huhitaji daktari bingwa wa mionzi anayeweza kupitisha mirija ndani ya mishipa, na wataalamu hao bado ni wachache katika nchi zetu.

Je, mgonjwa aendelee na mitishamba wakati anasubiri?

Aiache, na amwambie daktari kila alichokunywa bila kuona haya. Baadhi ya mitishamba huumiza ini moja kwa moja, mingine huathiri kuganda kwa damu, na mchanganyiko usiojulikana vilivyomo humfanya daktari ashindwe kujua kama vipimo vilivyoharibika vimeharibiwa na saratani au na dawa. Madaktari wengi wangepata ukweli mapema zaidi kama wasingewakemea wagonjwa wanapoutaja.

Mwenye homa ya ini B aanze dawa kabla au baada?

Aanze mara tu inapogundulika kuwa ana virusi hivyo pamoja na saratani, bila kusubiri tarehe ya upasuaji. Dawa za virusi ziitwazo tenofovir na entecavir hupunguza virusi hivyo, hulinda ini lisichafuke baada ya kukatwa, na hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Huendelea kunywewa baadaye, kwa kawaida maisha yote.

## Upasuaji wenyewe

Hufanyika nini chumbani?

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na tumbo hufunguliwa kwa mkato ulio chini ya mbavu za kulia. Daktari hutazama kwanza kama saratani imetapakaa ndani ya tumbo, kisha huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe ili aone mishipa iliyofichika na uvimbe mdogo ambao picha za nje hazikuuonyesha. Mpango wote unaweza kubadilika hapo.

Ini limegawanyika katika sehemu 8, kila moja ikiwa na tawi lake la damu na mrija wake wa nyongo, kwa mujibu wa mchoro wa Mfaransa Claude Couinaud wa mwaka 1957 unaotumika hadi leo. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kuondoa sehemu moja, mbili au nusu nzima, na zilizobaki zikaendelea kupata damu. Kwa saratani hii hupendelewa kutoa sehemu kamili pamoja na matawi yake, kwa kuwa saratani husafiri kupitia matawi hayo hayo. Lakini kwa mwenye makovu hukatwa kidogo iwezekanavyo ili kuokoa ini.

Adui mkubwa ni damu. Mwaka 1908 daktari wa upasuaji James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza namna ya kubana mishipa yote inayoingia kwenye ini kwa pamoja, na mbinu hiyo bado inatumika: hubanwa kwa kama dakika 15, huachiwa kwa dakika 5, kisha hubanwa tena. Daktari wa usingizi naye hushusha shinikizo la mishipa mikubwa kwa kumpa mgonjwa maji kidogo ya mshipani, ili damu isirudi kwa nguvu kwenye jeraha. Operesheni huchukua saa kadhaa, na mgonjwa hukaa ICU au chumba cha uangalizi kwa siku moja au mbili.

Inaweza kufanywa kwa matundu madogo?

Ndiyo, hasa uvimbe ukiwa pembeni au mbele ya ini. Maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kwa uvimbe mkubwa au ulio karibu na mishipa mikuu, mkato wa kawaida ni salama zaidi, na daktari aliyeanza kwa matundu akalazimika kufungua tumbo hajashindwa kazi.

Ndugu wanaombwa kuchangia damu. Ina maana mambo ni mabaya?

La. Damu huwekwa akiba kabla ya kila upasuaji mkubwa wa ini, na wagonjwa wengi hawaitumii.

Hatari zake ni zipi?

Kwa ini lisilo na makovu, katika hospitali yenye uzoefu, wanaofariki baada ya upasuaji huwa chini ya 5 kati ya 100. Kwa mwenye makovu hatari hupanda. Matatizo yanayoweza kutokea ni kutoka damu, nyongo kuvuja kwenye jeraha la ini, maji kujaa tumboni, usaha, nimonia na damu kuganda miguuni. Nyongo ikivuja, mara nyingi mrija wa kuitolea nje hutosha mpaka jeraha lizibe lenyewe. Linaloogopwa kuliko yote ni ini lililobaki kushindwa kazi: macho huwa ya manjano, mgonjwa huanza kusinzia na damu hukataa kuganda. Hali hiyo ni ngumu kuitibu, na ndiyo sababu ya hesabu zote zilizoelezwa hapo juu.

## Kupandikiza ini

Nani anafaa?

Kupandikiza huondoa saratani pamoja na ini lenye makovu lililoizaa, kwa hiyo kwa nadharia ndiyo tiba kamili zaidi. Daktari wa upasuaji Thomas Starzl alifanya jaribio la kwanza la kupandikiza ini kwa binadamu huko Denver mwaka 1963, lakini kwa miaka mingi saratani ilikuwa ikirudi kwa wengi waliopandikizwa. Mwaka 1996 daktari wa upasuaji Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milano, Italia, walionyesha kwamba wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu ambao hakuna unaozidi sentimita 3, bila saratani kuingia kwenye mishipa au kutoka nje ya ini, huishi vizuri: asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka 4. Vigezo hivyo vya Milano bado ndiyo msingi, ingawa vituo vingi huvilegeza kidogo.

Tunaambiwa twende India na mtoaji kutoka kwenye familia. Tujue nini?

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaohitaji ini jipya wamekuwa wakienda India, ambako maini mengi hutolewa na ndugu aliye hai. Sheria ya huko ya mwaka 1994 inakataza kuuza viungo, na kwa wageni kamati maalumu hukagua uhusiano wa mtoaji na mgonjwa. Andaeni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na barua za ubalozi kabla ya safari.

Mtoaji anastahili kufikiriwa kama mgonjwa wa pili. Hukatwa ini akiwa mzima, na katika kila watoaji 1,000 mmoja hadi watano hivi hufariki. Anayesukumwa na kikao cha ukoo kutoa ini wakati moyo wake haujaridhika ana haki ya kukataa, na daktari mwadilifu atamkatalia kwa sababu za kitabibu bila kuianika siri yake. Mwenye virusi vya homa ya ini B hawezi kutoa kwa kawaida, na kwa kuwa virusi hivyo huenea ndani ya familia, ni vyema ndugu wote wapimwe nyumbani kabla ya kulipia tiketi.

Gharama haziishi siku ya kutoka hospitalini. Dawa za kuzuia mwili kulikataa ini hunywewa maisha yote, na familia ihakikishe zinapatikana huku nyumbani.

## Baada ya upasuaji

Ini lililokatwa litaota tena?

Linakua, lakini haliotei pale lilipokatwa. Sehemu zilizobaki hutanuka, nyingi ya kazi hiyo ikifanyika katika wiki za mwanzo, mpaka ukubwa ukaribie wa awali. Ini lenye makovu hukua polepole na kwa kiasi kidogo. Wengi hukaa hospitalini siku 5 hadi 10 na hurudia kazi nyepesi baada ya wiki 6 hadi 8, ingawa uchovu huweza kudumu zaidi ya hapo.

Ale nini, na je, anaweza kufunga Ramadhani?

Ale chakula cha kutosha chenye protini: maharage, samaki, mayai, maziwa. Ushauri wa mitaani wa kumnyima mgonjwa wa ini protini humdhoofisha misuli bila faida. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, si kuoshwa wala kukaangwa, kwa kuwa joto la jikoni haliimalizi sumukuvu. Pombe ya aina yoyote iachwe kabisa.

Kufunga hakufai katika wiki za mwanzo, wakati ini linajijenga. Mwenye makovu asifunge bila kumuuliza daktari hata baadaye, kwa sababu ini lake huhifadhi sukari kidogo na mwili huanza kula misuli mapema. Wagonjwa hao hushauriwa hata kula kidogo kabla ya kulala. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na daktari akisema asifunge, ruhusa hiyo itumike.

Saratani inaweza kurudi?

Ndiyo, na si jambo la kufichwa. Baada ya kukatwa, hurudi kwa hadi wagonjwa 70 kati ya 100 ndani ya miaka 5. Mara nyingine ni masalia ya ile ya kwanza, hasa inaporudi ndani ya miaka 2. Mara nyingine ni saratani mpya iliyozaliwa na ini lile lile lenye virusi au makovu. Ikigunduliwa ndogo inaweza kukatwa tena, kuunguzwa, au mgonjwa akapandikizwa. Kwa hiyo picha na kipimo cha AFP hufanywa kila baada ya miezi 3 au 4 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6. Tibakemikali ya kuzuia isirudi haitolewi kwa kawaida, tofauti na saratani ya titi.

## Hali zisizo za kawaida

Mgonjwa anatoka kanda ya Ziwa na aliwahi kuambiwa ana kichocho cha tumbo. Je, hilo lina uzito?

Lina uzito mkubwa. Kichocho cha tumbo hujenga makovu kuzunguka mishipa inayoingia kwenye ini, hivyo shinikizo hupanda, bandama huvimba na mishipa ya umio hutanuka, ilhali chembe za ini zenyewe huwa bado zinafanya kazi vizuri. Vipimo vya damu vinaweza kumweka mgonjwa daraja A huku hatari ya kutoka damu ikiwa kubwa. Historia ya kuvua samaki, kulima mpunga au kuoga ziwani itajwe hata kama hakuna aliyeiuliza.

Mtoto wa miaka miwili ana uvimbe kwenye ini. Ni ugonjwa huu huu?

Kwa umri huo mara nyingi ni aina nyingine inayotokana na chembe changa za ini. Husikia vizuri dawa zenye sisplatini, hivyo watoto wengi huanza na tibakemikali, uvimbe hupungua, kisha hukatwa. Matokeo yake ni mazuri kuliko ya watu wazima, mradi mtoto afikishwe mapema kwenye kituo cha saratani za watoto.

Saratani ya utumbo mpana imefika kwenye ini. Bado kuna upasuaji?

Ndiyo, na wengi hukatishwa tamaa bila sababu. Idadi ya uvimbe si kizuizi peke yake ikiwa yote inaweza kuondolewa na ini la kutosha likabaki. Takriban 4 kati ya 10 wanaokatwa huishi zaidi ya miaka 5, wengi wakiwa wamepata pia tibakemikali.

Mgonjwa aliyejulikana kuwa na uvimbe amepata maumivu makali ghafla na kuishiwa nguvu. Tufanye nini?

Huenda uvimbe umepasuka na damu inamwagika tumboni. Apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa. Kinachofanywa kwanza ni kuzuia damu. Kukata uvimbe husubiri mpaka hali itulie na vipimo vikamilike.

Tumeambiwa hawezi kupasuliwa. Tutafute hospitali nyingine?

Kuomba maoni ya pili ni haki na hakumtusi daktari wa kwanza. Ulizeni kwanza sababu hasa ni ipi. Ikiwa ni mahali uvimbe ulipo, au ni hospitali kukosa utaalamu, bingwa wa ini kwingine anaweza kuwa na jibu tofauti. Ikiwa ni saratani iliyotoka nje ya ini au ini la daraja C, hospitali ya pili na ya tatu zitasema vile vile, na fedha za familia zitaishia njiani. Kwa baadhi yao kuna njia ya kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, kuweka dawa na kuiziba, au vidonge na sindano za kupunguza kasi ya saratani. Kwa wengine tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso bila lengo la kuponya, ya maumivu na maji tumboni ndiyo inayofaa zaidi.

Mnapokwenda kuomba maoni hayo, bebeni CD yenye picha zote za CT-skani, si karatasi ya majibu pekee, kwa kuwa daktari wa upasuaji anahitaji kuiona mishipa kwa macho yake mwenyewe. Picha iliyopigwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita huenda ikarudiwa.